Uvimbe upitao kwa baba: kisa cha kimeng'enya cha mitokondria na seli iliyodhani haina hewa

Mwishoni mwa miaka ya 1980, huko Leiden, Uholanzi, daktari wa masikio, pua na koo aitwaye van der Mey na wenzake waliketi na wagonjwa wao wakachora miti ya ukoo wao: babu, bibi, wajomba, shangazi, binamu, nani aliwahi kupasuliwa shingo, nani ana uvimbe chini ya taya. Wagonjwa hao walikuwa na paraganglioma, uvimbe unaokua polepole sana kandokando ya mishipa mikubwa ya shingo au nyuma ya sikio. Kwamba ugonjwa huo hutembea ndani ya familia lilikuwa jambo linalojulikana. Kilichowashangaza ni njia yake. Baba mwenye ugonjwa alipata watoto wenye ugonjwa, wa kike na wa kiume bila ubaguzi. Mama mwenye ugonjwa alipata watoto wazima. Kisha kizazi kimoja baadaye, mtoto wa kiume wa mama huyo, mwenyewe akiwa hana hata kipele, anapata mtoto mwenye uvimbe.

Waliandika habari hizo katika jarida la Lancet mwaka 1989. Wakati huo hakuna aliyejua ni jeni gani, wala ipo wapi. Mti wa ukoo tu ndio uliokuwa ushahidi.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu ndicho cha kwanza kuthibitisha kwamba kimeng'enya cha mitokondria, vile vijumba vya seli vinavyozalisha nguvu, kikiharibika chaweza kuzaa uvimbe. Na nakipenda kwa sababu kila hatua yake ilipatikana kwa mtu kuangalia kitu kwa makini: mti wa ukoo, kinundu kidogo cha shingoni, rundo la kemikali moja ndani ya seli.

Tuanze na mahali penyewe. Weka vidole viwili shingoni, chini kidogo ya kona ya taya, pale unapopapasa mapigo ya moyo. Ateri ya karotidi inapanda kutoka kifuani, na ikifika hapo inagawanyika panda mbili, moja ikielekea ubongoni na nyingine usoni. Ndani ya panda hiyo, kila upande wa shingo, kimelala kinundu mithili ya punje ya mchele. Tukiite kinundu cha karotidi. Kazi yake ni kuonja damu. Oksijeni ikipungua, seli zake hupeleka habari kwa njia ya neva hadi kwenye shina la ubongo, nawe unaanza kuhema haraka bila kuamua. Corneille Heymans wa Ubelgiji alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1938 kwa kuonyesha namna vipokezi vya hapo shingoni vinavyoongoza upumuaji.

Kwa hiyo uvimbe wa familia zile ulikuwa unaota katika kiungo kinachonusa hewa. Na dokezo lingine lilikuwa tayari limetoka Peru. Katika miaka ya 1960 na 1970 madaktari wa huko waliwachunguza watu waliozaliwa na kuishi katika milima ya Andes, zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, wakakuta vinundu vyao vya karotidi vimenenepa, na uvimbe wa kinundu hicho ukiwapata mara nyingi kuliko watu wa pwani. Hata ng'ombe waliolishwa milimani walikutwa na vivimbe vya aina hiyo hiyo. Kinundu kinachokosa hewa miaka nenda miaka rudi hukua, na wakati mwingine hukua bila kukoma. Basi swali likawa hili: Waholanzi, ambao sehemu kubwa ya nchi yao iko chini ya usawa wa bahari au sawa nao, hewa wanayo tele. Vinundu vyao vinakosa nini?

Mwaka 1992 watafiti wa Uholanzi waliifuatilia jeni hiyo hadi kwenye mkono mrefu wa kromosomu ya 11. Ikachukua miaka mingine minane kuikamata. Februari 2000, Bora Baysal wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, pamoja na wenzake wakiwemo watu wa Leiden, walitangaza katika jarida la Science kwamba jeni yenyewe ni SDHD. Hapo ndipo watu wengi walipokuna vichwa, maana SDHD haikuwa miongoni mwa jeni zilizozoeleka kwenye saratani. Haikuhusika na kugawanyika kwa seli wala na kukarabati DNA. Ilikuwa jeni ya jikoni, ya kimeng'enya ambacho kidato cha sita hukikariri kwa ajili ya mtihani na kukisahau wiki inayofuata.

Kimeng'enya hicho ni suksineti dehidrojinasi, SDH kwa kifupi. Kimepandikizwa kwenye utando wa ndani wa mitokondria, na kina kazi mbili kwa mkupuo mmoja. Katika mzunguko wa Krebs, ule mfululizo wa hatua ambazo seli huvunjia chakula, kinaikamata molekuli ya suksineti, kinainyang'anya hidrojeni mbili, na suksineti inageuka kuwa fumareti. Elektroni kilizozipata hapo kinazipeleka moja kwa moja kwenye mnyororo wa upumuaji, ule unaotuzalishia nguvu. Hakuna kimeng'enya kingine kinachoshika nafasi zote mbili namna hii. Kimeundwa kwa vipande vinne. Kipande A kina flavini, kemikali ya kupokea hidrojeni, na ndicho kinachoishika suksineti. Kipande B kina vishada vitatu vya chuma na salfa ambavyo elektroni huvipitia mmoja baada ya mwingine kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. C na D ni vigingi vinavyokifunga kimeng'enya kwenye utando.

Hapa kuna jambo ambalo msomaji makini atalipinga mara moja. Si tumefundishwa kwamba mitokondria hurithiwa kwa mama? Ndivyo, DNA iliyomo ndani ya mitokondria hutoka kwa mama. Lakini vipande vyote vinne vya SDH vimeandikwa kwenye DNA ya kiini cha seli, katika kromosomu za kawaida tunazozipata kwa wazazi wote wawili. Katika mnyororo mzima wa upumuaji, SDH ndiyo tata (kundi la protini zilizoungana) pekee isiyo na kipande hata kimoja kilichoandikwa kwenye DNA ya mitokondria. Hilo linatuondolea kikwazo, ila halijaeleza kwa nini kwa baba tu. Nitalirudia.

Kulikuwa na jambo jingine lililofanya ugunduzi wa mwaka 2000 uwe mgumu kuuamini. Miaka mitano kabla, mwaka 1995, watafiti wa Ufaransa walikuwa wameeleza habari za ndugu wawili wa kike waliokuwa na hitilafu katika jeni ya kipande A kutoka pande zote mbili za wazazi. Watoto hao walipata ugonjwa wa Leigh, unaoharibu ubongo tangu utotoni. Na hilo lilieleweka kirahisi: nguvu imepungua, ubongo unaokula nguvu nyingi unaumia. Sasa kimeng'enya kilekile, kikiharibika kwa namna nyingine, badala ya seli kufa kwa njaa zinaongezeka. Mtu akisema tatizo ni upungufu wa nguvu tu, atakwama hapo.

Otto Warburg wa Ujerumani angefurahi, nadhani, ingawa kwa sababu isiyo sahihi. Katika miaka ya 1920 alionyesha kwamba tishu za saratani hula sukari kwa wingi na kutoa asidi ya laktiki hata zikiwa na oksijeni ya kutosha. Akahitimisha kwamba chanzo cha saratani ni upumuaji wa seli ulioharibika, na mwaka 1956, akiwa mzee mwenye Tuzo ya Nobel ya 1931, bado aliishikilia hoja hiyo. Tatizo ni kwamba seli nyingi za saratani zina mitokondria inayofanya kazi vizuri. Kwa saratani zilizo nyingi hoja yake haisimami. Lakini kwa kundi hili dogo alikuwa karibu na ukweli: kasoro imo humo humo ndani ya upumuaji. Alichokosea ni namna kasoro hiyo inavyodhuru.

Inadhuru kwa kusema uongo.

Seli yoyote ya mwili wetu inahitaji kujua kama oksijeni ipo. Kwa ajili hiyo hutengeneza protini iitwayo HIF, na huitengeneza muda wote, hata hewa ikiwa nzuri. Hewa ikiwepo, HIF huharibiwa dakika chache baada ya kuzaliwa. Kinachoihukumu ni vimeng'enya vya kundi la PHD. Hivi huigonga HIF alama, na alama hiyo huonwa na protini nyingine, VHL, inayoipeleka HIF kuvunjwavunjwa. Ili kugonga alama, PHD huhitaji oksijeni, chuma, na kemikali moja ya mzunguko wa Krebs iitwayo oksoglutareti. Oksijeni ikikosekana alama haigongwi, HIF inabaki hai, inaingia kwenye kiini cha seli na kuamsha jeni za dharura: leteni mishipa mipya ya damu, ongezeni kuvunja sukari, vumilieni. Kwa kuufafanua mfumo huu, William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza walitunukiwa Nobel ya mwaka 2019.

Sasa angalia masalia. PHD ikishaitumia oksoglutareti, kinachobaki ni suksineti. Katika seli nzima masalia hayo hayana shida, kwani SDH inayazoa. SDH ikifa, suksineti haina pa kwenda. Inajaa ndani ya mitokondria, inavuja nje, inarundikana hadi pale PHD inapofanyia kazi. Ni kama fundi cherehani ambaye vipande anavyovikata havizolewi: vinajaa mezani mpaka mkasi hauna nafasi ya kupita. Oksijeni ipo, chuma kipo, lakini alama haigongwi. Mwaka 2005 kundi la Eyal Gottlieb huko Glasgow, Uskoti, lilionyesha hilo kwa majaribio: walipokizima kimeng'enya cha SDH katika seli, suksineti ilipanda, PHD ikazuiwa, HIF ikabaki.

Seli imezungukwa na damu yenye hewa safi, na imeshawishika kwamba inakabwa koo. Inaishi kama iko kilele cha Andes huku iko Leiden. Katika kinundu cha karotidi, ambacho seli zake zimeumbwa kukua hewa inapokuwa haba, ujumbe huo wa uongo unatosha kuanzisha safari. Daktari wa upasuaji huona matokeo yake kwa macho: nyama nyekundu iliyoiva, iliyosukwa kwa mishipa ya damu mingi kiasi kwamba kuigusa vibaya ni kuanzisha mvujo usiokoma. Kwenye picha, panda ya ateri iliyokuwa imebanana inakuwa imetanuliwa kama pembe za ng'ombe, na uvimbe umekaa katikati.

Suksineti haiishii hapo. Vimeng'enya vinavyotumia oksoglutareti na kuacha suksineti ni vingi, na baadhi yake hufanya kazi ya kusafisha alama za methili zinazozima jeni kwenye DNA na kwenye protini zinazoizungushia. Navyo vinazibwa vivyo hivyo. Mwaka 2013 watafiti wa Paris walionyesha kwamba vivimbe vyenye hitilafu ya SDH vina DNA iliyojaa alama hizo kupita kiasi, hasa pale kipande B kilipoharibika. Jeni zilizopaswa kuifanya seli ikomae zimezimwa. Kwa maoni yangu hili lina uzito sawa na habari ya HIF, na mara nyingi husahauliwa kwa sababu habari ya hewa ni tamu zaidi kusimulia.

Turudi kwa baba.

Jibu la kwanza, lile la 1989, lilikuwa kwamba jeni hiyo huzimwa ikipita kwa mama na kuwashwa tena ikipita kwa baba. Ni jambo linalotokea kwa jeni kadhaa za binadamu, na lilikuwa jibu la busara. Lakini SDHD ilipopatikana na kupimwa, ilikutwa inafanya kazi kutoka nakala zote mbili, ya baba na ya mama. Haijazimwa. Maelezo yanayolingana vizuri na ushahidi yalitolewa mwaka 2004 na Hensen na wenzake, tena huko huko Leiden, na yanahitaji utulivu kidogo kuyafuata.

Kila seli ina kromosomu ya 11 mbili. SDHD imekaa kwenye mkono mrefu. Kwenye mkono mfupi wa kromosomu hiyo hiyo kuna eneo lenye jeni zinazozuia ukuaji, na hizo kweli zina chapa ya mzazi: nakala ya mama inafanya kazi, ya baba imelala. Sasa chukua mtu aliyerithi SDHD mbovu kwa baba. Ana nakala nzima ya mama, na hiyo inamtosha. Siku moja, katika seli moja ya kinundu, kromosomu ya 11 ya mama inapotea nzima. Kwa ajali hiyo moja, seli imepoteza SDHD nzima na pia vizuizi vya ukuaji vilivyokuwa macho. Vya baba vipo, lakini vimelala. Mambo mawili mabaya yametokea kwa pigo moja.

Geuza. Mtu amerithi SDHD mbovu kwa mama. Nakala nzima iko kwenye kromosomu ya baba. Seli ikiipoteza kromosomu ya baba, SDH inakufa kweli, lakini vizuizi vya mama bado viko macho vinafanya kazi yao. Ili uvimbe uote lazima itokee ajali ya pili, ya namna ya pekee, katika seli hiyo hiyo. Ajali mbili katika seli moja ni jambo la nadra mno. Mtoto huyo anaishi salama, akiwa amebeba hitilafu asiyoijua, na akiwa mwanamume ataipeleka kwa wanawe ikiwa na makali yake yote. Ndiyo maana ugonjwa unaruka kizazi na kuibuka pale ambapo familia ilishasahau. Mjukuu anapata uvimbe wa bibi yake mzaa baba, na anayesikiliza kijuujuu anasema, "Lakini baba yako ni mzima, basi si wa kurithi."

Mwaka 2009 nadharia hii ilipata ushahidi wa pembeni ambao binafsi naona ndio uliofunga mjadala. Watafiti waliokuwa wakichunguza hamira, ndiyo, chachu ya mkate, waligundua protini ndogo ambayo kazi yake ni kuibandika flavini kwenye kipande A. Bila hiyo SDH haifanyi kazi. Walipotafuta jeni yake kwa binadamu, wakaikuta ikiwa imeharibika katika ukoo mwingine mkubwa wa Uholanzi wenye paraganglioma. Jeni hiyo, SDHAF2, nayo iko kwenye kromosomu ya 11. Na ugonjwa katika ukoo ule nao ulipitia kwa baba. Jeni za vipande A, B na C ziko kwenye kromosomu nyingine, ya 5 na ya 1, na kwa hizo ugonjwa huweza kutoka kwa mzazi yeyote.

Kwa nini Waholanzi? Familia nyingi kati ya hizo zina badiliko lile lile, herufi ile ile ya jeni, maana yake walitokana na babu mmoja wa zamani. Kuna dhana, iliyotolewa na Baysal na wenzake, ambayo naiona ina nguvu ingawa inabaki dhana: katika nchi iliyo tambarare na yenye hewa tele, jeni mbovu ya kunusa hewa humdhuru mbebaji wake kidogo na kwa kuchelewa, hivyo hupata nafasi ya kuenea kabla haijajulikana. Milimani ingejitokeza mapema.

Vipande vingine vya SDH havina upole huo. Hitilafu za kipande B zilitambuliwa mwaka 2001, na ndizo zinazoogopwa zaidi. Uvimbe wake mara nyingi huota tumboni, kandokando ya uti wa mgongo au kwenye tezi zilizo juu ya figo, nao humwaga noradrenalini kwenye damu. Mgonjwa hupata presha inayopanda ghafla, kichwa kumgonga, jasho, na moyo kumwenda mbio. Vivimbe hivi husambaa hadi mifupani mara nyingi kuliko vya kipande D. Na hapo hapo, wengi wanaobeba hitilafu hiyo huzeeka bila kuugua, jambo linalofanya kuzungumza na familia kuwe kazi nyeti. Upungufu wa SDH umekutwa pia katika aina fulani ya uvimbe wa tumbo unaowapata vijana, na katika baadhi ya saratani za figo.

Jamaa za SDH ndani ya mzunguko wa Krebs nazo zimekutwa na makosa yanayofanana. Mwaka 2002 ilionekana kwamba kupotea kwa fumareti hidratasi, kimeng'enya kinachofuata mara tu baada ya SDH, huleta saratani kali ya figo pamoja na fibroidi za kifuko cha uzazi katika familia. Na katika saratani ya damu, kimeng'enya cha mitokondria kiitwacho IDH2 hubadilika kikaanza kutengeneza kemikali inayofanana na oksoglutareti na kuziba vimeng'enya vile vile vya kusafisha alama. Kwa hicho dawa ilipatikana, enasidenibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017.

Kwa paraganglioma dawa ilichelewa zaidi. Upasuaji ndio tiba kuu inapowezekana, na kwa vivimbe vidogo vya shingoni mara nyingi ni busara kuvitazama tu kwa miaka, kwani kisu chaweza kuharibu neva za sauti na za kumeza kuliko ugonjwa wenyewe. Kwa wagonjwa ambao uvimbe umeshasambaa mwilini, mnamo Mei 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha belzutifani, kidonge kinachoizuia HIF ya aina ya pili. Katika utafiti uliotumika, asilimia 26 ya wagonjwa 72 ndio ambao vivimbe vyao vilisinyaa vya kutosha. Si wengi. Lakini fikiria njia iliyopitiwa: kutoka mti wa ukoo wa Leiden hadi kidonge kinachonyamazisha ule ujumbe wa uongo. Madhara yake makubwa ni upungufu wa damu, na hata hayo yanasimulia kisa kile kile, kwa kuwa HIF ndiyo inayoagiza mwili utengeneze chembe nyekundu hewa inapopungua.

Kwetu Afrika Mashariki, uvimbe wa pembeni mwa shingo hufikiriwa kwanza kuwa kifua kikuu cha tezi, na mara nyingi ndivyo ulivyo. Lakini kabla ya kuchukua sindano ya kutoa sampuli, ushike. Uvimbe wa kinundu cha karotidi husogea ukiusukuma mbele na nyuma, lakini ukijaribu kuusogeza juu na chini hauendi, kwa sababu umefungwa kwenye ateri. Wakati mwingine unadunda. Ukiona hivyo piga picha kwanza, kwa kuwa kuuchoma huleta damu nyingi, na ule unaomwaga noradrenalini waweza kupandisha presha hadi mgonjwa azimie mikononi mwako. Kijana mwenye presha ya vipindi, jasho na mapigo ya kasi apimwe metanefrini, yaani mabaki ya adrenalini na noradrenalini, kwenye damu au mkojo.

Kisha ulizia ukoo, na uulize kwa upana. Takriban watu 3 hadi 4 kati ya 10 wenye paraganglioma au uvimbe unaofanana nao wa tezi za adrenali, zile za juu ya figo, wana hitilafu ya kurithi, kiwango ambacho vivimbe vingi vingine havikikaribii. Swali la "wazazi wako wazima?" halitoshi. Uliza baba amezaliwa na nani, bibi mzaa baba alifariki na nini, shangazi na baba wadogo wakoje, kama kuna aliyepasuliwa shingo au aliyeanguka ghafla akiwa na presha. Watu wetu wanazijua koo zao, wanaweza kukutajia vizazi vinne bila karatasi. Jeni ikithibitika, watoto wafuatiliwe: makubaliano ya kimataifa yaliyochapishwa mwaka 2021 yanashauri kuanza kati ya umri wa miaka 6 na 10 kwa hitilafu ya kipande B, na kati ya 10 na 15 kwa nyingine, SDHD ikihesabiwa pale tu ilipotoka kwa baba.

Pasipo kipimo cha jeni, bado kuna darubini. Mwaka 2009 watafiti wa Uholanzi walionyesha kwamba kipande B, C au D cha SDH kikiharibika, kipande B hutoweka, kwa kuwa kimeng'enya kizima husambaratika; baadaye ikaonekana vivyo hivyo kwa kipande A. Kwa hiyo kingamwili kimoja tu, cha kupaka rangi kipande B, kinatosha kuuliza swali lote. Katika seli nzima utaona chembechembe za kahawia zimetapakaa, na kila chembe ni mitokondria. Katika uvimbe wenye hitilafu, seli zote zimepauka kama karatasi, na katikati yake seli za kuta za mishipa ya damu, ambazo bado zina nakala yao nzima, zimebaki na kahawia yake. Rangi hiyo inapatikana hata kwenye nyama iliyogandishwa kwenye nta na kukaa kabatini miaka kumi, uvimbe wa mtu ambaye wanawe sasa ni watu wazima na hawajawahi kuulizwa chochote.